Meza ya chakula isisubiri wiki ya Krismasi

Ndugu Mhariri,

Ikifika katikati ya Disemba, karakana za samani hapa Moshi hujaa meza za chakula. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam na mikoa mingine kuja kula Krismasi nyumbani, na aliyebaki Machame, Kibosho au Marangu ameshaagizwa: dainingi ipigwe vanishi, iwe tayari kabla ya tarehe 24. Fundi hakatai, huo ndio msimu wake. Meza inapitishwa msasa juu juu, inapigwa vanishi mara mbili za haraka na kurudishwa inang'aa. Januari sufuria ya moto inanyanyuka na vipande vya vanishi. Mwenye meza anasema fundi ni tapeli, fundi anasema vanishi za siku hizi ni feki. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Kilichokosekana ni siku za kazi.

Tuzihesabu hizo siku kwa seti ya kawaida, meza moja na viti sita. Kufungua, kuosha na kukagua ni siku nzima. Kugandisha viungo vilivyolegea ni siku nyingine, kwa sababu gundi inataka kulala ndani ya jiriwa, kile kibanio cha fundi. Kutoa vanishi ya zamani na kupiga msasa ni siku mbili, tatu kama viti vina nakshi. Steini, ile rangi ya kupenya inayoacha nyuzi za mbao zionekane, inapakwa leo, inaachwa mpaka kesho. Baada ya hapo ni vanishi mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kila mkono na siku yake, huku viti navyo vikipigwa rangi upande wa pili wa karakana. Hizo ni siku nane hadi tisa, na bado hatujaongeza wiki mbili au tatu ambazo vanishi na rangi ya mafuta huhitaji ili zikomae, maana kukauka kwa kugusa si kukomaa. Meza ya Krismasi basi iingie karakana mwanzoni mwa Novemba. Oktoba ni bora zaidi, kabla vuli haijashika.

Kabla ya kuuliza bei, mwenye meza ajue ana mbao gani. Seti nyingi za zamani za huku ni mninga, mkongo, loliondo, mringaringa wa kihambani (shamba la nyumbani la Wachagga), au kamfa ambao msitu wake sasa umo ndani ya hifadhi ya taifa. Za baadaye ni sipresi na grivelia. Mninga una kahawia ya dhahabu inayokwenda kwenye wekundu, na mbao yake ya pembeni, iliyokuwa karibu na gome, ni nyeupe. Hapo ndipo fukusi huanzia. Kamfa hujitambulisha kwa harufu msasa ukipita. Sipresi ina macho mengi na rangi ya njano hafifu. Tazama pia ukingo wa meza kwa chini. Kama mistari ya juu haiendelei kwenye ukingo, hiyo ni vinia, ganda la mbao lililobandikwa, mara nyingi nyembamba kuliko milimita moja, na mashine ya msasa itaitoboa kabla hujamaliza kusema neno. Vinia ni ya msasa wa mkono tu, namba 180 kwenda juu, yaani ule laini. Na kama ni mbao ya unga iliyobanwa, ikavimba kwa maji pembeni, haitarudi. Ipige rangi uitumie hivyo hivyo, au ubadilishe uso wa meza.

Jambo la pili la kujua ni kilichopakwa juu yake. Chukua pamba, chovya kwenye spiriti, bonyeza mahali pasipoonekana kwa dakika moja. Ikilainika na kunata, ni polishi ya shelaki. Isipobadilika, jaribu kwa tina (kiyeyusho cha rangi na laka): ikiyeyuka ni laka, na ikikunjamana au ikakataa kabisa ni vanishi ya mafuta au poliyurethani. Jaribio hili dogo ndilo linaloamua kazi yote. Tina kali ya laka ikipulizwa juu ya vanishi ya mafuta hunyanyua ile ya chini na kuikunja, na hapo hakuna dawa isipokuwa kukwangua upya. Vanishi ya mafuta juu ya laka iliyokwaruzwa vizuri hushika bila ugomvi.

Ukiwa umekunjua mikono, anza na sabuni. Meza ya chakula imekula mafuta ya miaka mingi: mchuzi, nta ya mishumaa, na zile polishi za kupuliza zenye silikoni. Mgongo wa kiti, pale mkono unaposhika kila siku, una jasho lililoganda. Msasa ukitangulia, mafuta hayo yanasuguliwa ndani ya mbao, kisha vanishi mpya inajikusanya na kuacha vijishimo vya duara ambavyo kila mkono unaofuata unavirudia. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kitambaa kiwe kimekamuliwa, kisha pitisha kitambaa chenye tapentaini, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke safi.

Viungo vishughulikiwe kabla ya rangi yoyote. Kiti kinachoyumba kikipigwa rangi, rangi itapasuka pale pale kwenye kiungo ndani ya wiki. Wengi hukimbilia msumari. Msumari hupasua ulimi wa mbao, na fundi atakayekuja baadaye hawezi tena kukifungua kiti bila kukivunja. Gundi mpya nayo haishiki juu ya gundi ya zamani, kwa hiyo kuimimina kwenye ufa wa kiungo ni kupoteza gundi. Kifungue kiti kwa nyundo ya mbao, taratibu. Gundi nyeupe ya zamani hulainika kwa siki ya moto, na ile ya kahawia itokanayo na ngozi hulainika kwa maji ya moto. Kwangua mpaka mbao ionekane, acha ikauke, paka gundi pande zote mbili, funga kwa jiriwa. Asiye na jiriwa za kutosha afungie vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vinabana vizuri kuliko kamba na haviachi alama. Pima kona kwa kona kabla gundi haijashika, vipimo viwili vya mshazari vilingane, halafu usimamishe kiti kwenye sakafu iliyonyooka. Saa 24.

Ukiona vitundu vya milimita moja hadi tatu vyenye unga laini kama wa sembe, hao ni fukusi. Unga mpya uliomwagika sakafuni maana yake bado wamo. Dawa ya wadudu wa mbao iingizwe kwa sindano kwenye vitundu na kupakwa upande wa chini na ndani ya fremu. Uso ambao chakula kitagusa usipakwe.

Sasa kutoa vanishi. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hudanganya, na hapa ndipo mteja anapaswa kusimama. Steini inafanya kazi kwenye mbao tupu peke yake. Juu ya vanishi haiwezi kupenya. Inakaa juu kama tope, na vanishi mpya ikipita inaburuta mabaka. Kwenye uso wa meza tumia skrepa yenye makali, au dawa ya kutoa rangi iachwe dakika kumi hadi ishirini kwa kufuata maelekezo ya kopo, kisha kwangua kwa kufuata nyuzi. Baadhi hutumia kostiki soda kwa sababu ni rahisi na ya haraka. Mninga, mkongo na mvule zikiguswa na kostiki hugeuka nyeusi, na gundi ya viungo inaachia. Tunaikataa kabisa kwenye samani.

Msasa uanze namba 80 pale penye mikwaruzo mirefu tu, halafu 120, umalizie 180. Kila namba iondoe alama za iliyotangulia. Kuruka kutoka 80 hadi 180 kunaacha mistari isiyoonekana kwenye mbao kavu, lakini steini ikiingia inaonekana yote. Kupanda zaidi ya 220 kunaing'arisha mbao mpaka inakataa steini. Ncha za mbao ndizo za kupandishwa hadi 240, kwa sababu hunywa steini kuliko uso na zitageuka nyeusi zikiachwa wazi. Msasa uende na nyuzi siku zote. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji: palipo tupu patakolea rangi sawasawa, palipobaki vanishi patabaki peupe. Maji hayo pia huinua vinyweleo. Yakikauka, pitisha 180 kwa wepesi. Barakoa ni lazima, vumbi la mninga na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Samani ya zamani iliyopakwa rangi ya mafuta, hasa njano au nyekundu, inaweza kuwa na risasi ndani yake. Hiyo ipigwe msasa wa maji, watoto wakiwa mbali, na takataka zake zikusanywe.

Mduara mweusi pale kilipokaa chungu cha maua ni chuma na maji vilivyokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Msasa hautautoa bila kuchimba shimo. Asidi oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto hufifisha, lakini ni sumu: glavu, miwani, na suuza mara kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo ya chuma na tanini usitumie sufi ya chuma na maji kwenye mninga, vipande vyake vidogo hubaki na kuotesha vidoa vyeusi.

Tuseme wazi msimamo wetu kuhusu mtindo wa sasa. Picha za kwenye simu zimewafanya watu watake kila kitu cheupe au kijivu. Kwenye viti na miguu ya meza ni sawa, na mchanganyiko wa viti vya rangi na uso wa meza wa steini unapendeza kweli, hasa kwa seti ambayo viti vyake ni sipresi na uso wake ni mninga. Lakini kufunika uso wa mninga kwa rangi nyeupe ni hasara mara mbili. Unaficha mbao ambayo leo huwezi kuinunua kwa bei hiyo, na rangi ya mafuta kwenye uso wa meza hukwaruzwa na visu, hugeuka njano, na kikombe cha moto huacha alama. Grivelia na sipresi zipakwe. Mninga uachwe uonekane.

Fungua uso wa meza kutoka kwenye fremu, ufanyiwe kazi peke yake. Ukiukuta umegandishwa kwa gundi pande zote, hiyo ndiyo sababu ya ufa wa katikati. Mbao za upana wa sentimita 90 hupanuka wakati wa masika na kusinyaa Januari na Februari, kwa milimita kadhaa. Zikibanwa zitapasuka. Unaporudisha tumia skurubu zenye tundu refu kwenye vibao vya pembeni, ili uso uweze kusogea. Ufa wenyewe usizibwe kwa pati ngumu wakati wa kiangazi ukiwa umefunguka mpaka mwisho. Masika yakija mbao zitaisukuma nje.

Ijaribu steini kwanza chini ya meza, ukaipake na vanishi juu yake, ndipo utaona rangi ya mwisho. Ikumbukwe kwamba steini hukoleza, haifanyi mbao iwe nyeupe zaidi. Koroga kopo mpaka chini kwa sababu rangi hukaa kwenye kitako. Paka kwa kitambaa, upande mmoja hadi mwingine bila kusimama katikati, subiri dakika tano hadi kumi, kisha futa ziada yote. Ziada isiyofutwa haikauki, inabaki ikinata, na vanishi itabanduka nayo. Sipresi na paini hunywa kwa mabaka. Zipakwe kwanza sila nyembamba (dawa ya kuziba matundu madogo ya mbao), sehemu moja ya sila kwa sehemu nne za tina, zikikauka zipitishwe msasa 240 kwa wepesi. Uso wa msaji una mafuta yake wenyewe, upanguse kwa tina muda mfupi kabla ya kupaka. Ile rangi ya unga inayochanganywa na tina inayotumika karakana nyingi ni ya bei ndogo na inakolea haraka, ila jua la dirishani huifubaza, na ukiipitishia laka kwa brashi inayeyuka na kuchafua. Juu yake laka ipulizwe, tena mkono wa kwanza uwe mwepesi.

Pati ya mbao haipokei steini kama mbao yenyewe. Unga wa msasa uliochanganywa na gundi nao hutoka na doa jeusi. Ziba baada ya steini na sila, kwa pati iliyokwisha kulinganishwa rangi. Kwenye viti vitakavyopakwa rangi, hangaiko hilo halipo. Pati ya magari ni imara na haisinyai.

Vitambaa vya steini ya mafuta na vya mafuta ya kitani vinaweza kushika moto vyenyewe vikirundikwa. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo linalizuia lisitoke. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu na vigumu, au vizamishwe kwenye ndoo ya maji. Karakana yenye maranda sakafuni haihitaji cheche nyingine.

Kwa uso wa meza chagua vanishi ya poliyurethani. Laka hukauka ndani ya nusu saa na mafundi wanaipenda kwa hilo, lakini sufuria ya moto huiachia duara jeupe na pombe kali ikimwagika huilainisha. Kwa viti laka inatosha. Mkono wa kwanza wa poliyurethani uongezwe tapentaini kiasi cha asilimia 10 ili unywewe, miwili inayofuata ibaki ilivyo. Katikati ya mikono pitisha msasa 320, ufute vumbi, umwagie sakafu maji kidogo ili vumbi litulie. Usitikise kopo, linajaa mapovu, koroga. Kama ni ya makopo mawili yenye hadina (kigumishi), pima kwa kikombe kama lebo inavyosema, usikadirie kwa macho, na uchanganye ya kutosha kazi ya saa ile tu.

Viti: andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia, mkono mmoja, msasa 240, rangi mikono miwili kwa brashi ya inchi mbili au kwa kompresa. Usipake rangi nyeupe ya maji moja kwa moja juu ya mninga au mkangazi. Utomvu na tanini zitapanda na kuchora madoa ya kahawia hata ukirudia mara tano. Shelaki au praima ya kuzuia madoa itangulie, na vivyo hivyo juu ya macho ya sipresi. Geuza kiti miguu juu, anza chini, malizia mgongo, na urudi baada ya dakika kumi kutafuta matone yaliyotiririka kwenye kona. Kalio la sponji litolewe kwanza. Kwa kawaida linashikiliwa na skurubu nne kwa chini.

Vifaa si vingi. Uso wa mita 1.8 kwa sentimita 90 ni kama mita za mraba 1.6, na lita moja ya vanishi hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Nusu lita basi inatosha mikono mitatu, na robo lita ya steini inatosha na kubaki. Kiti kimoja ni takriban mita moja ya mraba, kwa hiyo viti sita na miguu ya meza vinahitaji lita moja ya andakoti na lita mbili za rangi. Fundi akikuandikia kopo la lita nne la vanishi kwa meza moja, muulize la nani.

Kuhusu hewa, misimu ya masika na vuli na asubuhi za ukungu za Juni na Julai ndizo mbaya kwa laka. Tina inavyoruka hupoza uso, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na laka inatoka na ukungu mweupe. Kazi ianze saa nne asubuhi na ikome kabla ya jioni, au laka iongezwe tina inayoruka polepole. Mkono mwepesi wa tina hiyo mara nyingi huondoa ukungu uliokwisha kutokea. Januari adui ni vumbi la barabarani. Kupulizia rangi kando ya njia wanakopita bodaboda ni kuikaribisha changarawe.

Ajabu ni kwamba mji huu una Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, na ujuzi wa mbao haupo mbali na mtu yeyote. Wateja ndio wanaobana siku na bei mpaka hatua mbili tatu zinarukwa. Anayepeleka seti yake adai vitu vitatu: aone meza ikiwa tupu kabla ya steini, aoneshwe kipande cha majaribio chini ya meza, na aambiwe jina la vanishi na kopo lionekane. Fundi naye adai siku zake na malipo ya awali ya vifaa.

Meza ikirudi, wiki ya kwanza iachwe bila kitambaa. Sahani zinaweza kuwekwa baada ya siku tatu, vyombo vya moto viwe na kitako chake. Kitambaa cha plastiki kisubiri angalau mwezi, kwa sababu plastiki laini ikilala juu ya vanishi changa hushikana nayo, na siku ya kukivua kinaondoka na uso wa meza pamoja na maua yake yaliyochapwa.

Wenu,
Mafundi wa samani,
Moshi